Sehemu ya Tisa

Sikuwa nimetazama hata moja.
Zilipita zote nane, Mwanza nzima ikizitazama,
kwenye mabanda ya Igoma na Mabatini,
mabenchi ya mbao, jenereta likikohoa nje,
nami nilikuwa na mambo yangu.

Kisha aliyemcheza Nyanzobe akamfuata mume Kigali.
Wakatafuta mwingine.
Wakanichagua kwa ajili ya shingo.
"Shingo yako," alisema mwongozaji, "inakataa."
Sikujua inakataa nini. Nikasaini.

Igogo walinuna.
Kashinje wa mkaa alinidaka mkono gengeni:
"Sehemu ya nne, alikatwa sikio lipi?"
Nikasema, la kulia.
Akauachia mkono wangu
kama mtu aliyeshika furu aliyeoza.

Na alikuwepo Veneranda, siku ile ya usaili.
Huyo alizijua zote kwa moyo:
kikohozi, mkao, namna ya kufunga mlango kwa kisigino.
Hata pale CD za mtaani zinapoganda,
naye aliganda,
mdomo wazi, kidole hewani,
halafu akaendelea.
Alilia kabla hajaambiwa lia.
Hawakumchukua.
Nilimkuta nje ya geti akifunga kamba za viatu vyekundu,
viatu vya Nyanzobe,
akizifunga kwa muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.

Nikaenda kwa mama.
Mama ana miaka kumi na moja ya Nyanzobe.
Ana kuku aitwaye Nyanzobe,
sikukuu zote zimepita, kuku yupo.
Nikamwambia, nifundishe kumpenda.

Alikuwa anachambua dagaa,
mchanga huku, dagaa huku.
"Usimpende," akasema.
"Mimi nampenda, ndiyo maana siwezi kumwuliza kitu.
Sehemu ya pili, boti ilipopinduka karibu na Kome,
yeye alishika dumu, mtoto akabaki majini.
Banda zima tulipiga makofi: kapona! kapona!
Mpaka leo sijauliza
mtoto yule alikuwa wa nani."

Ningeishia hapo, ningekuwa na akili.
Lakini usiku nikaziazima zote nane,
nikakesha nazo, na kufikia ya tano
nilikuwa nimekwisha: nacheka peke yangu,
naiambia televisheni, usifungue, Nyanzobe, ni yeye!
Asubuhi, kwenye mawe ya Bwiru, mbele ya kamera,
nikafunga mlango kwa kisigino.
Mwongozaji akavua kofia.
"Kata. Nani kaingia humu?"

Sijui.
Mpishi asiyeonja hutulisha chumvi,
anayeonja mno hutulisha sufuria tupu.
Kati ya hao wawili ndipo nilipofanyia kazi wiki sita,
siku nyingine vizuri,
siku nyingine nikiigiza shingo tu.

Ilipotoka, mama alikwenda bandani Mabatini
bila kumwambia mtu kwamba ni mwanawe.
Waliguna. Kijana mmoja akapaza sauti, "Huyu siye!"
akadai arudishiwe mia tano yake.
Mama alikaa mpaka majina yalipokwisha kupanda,
kesho yake akalipa tena, akakaa tena.

Nilisubiri aseme kitu.
Siku ya tatu, jioni, ungo mapajani,
bila kuinua macho:
"Yule mtoto wa kwenye boti.
Ulimwona kabla hujashika dumu?"

Ningeweza kusema, mama, ni mchezo.
Ningeweza kusema, sehemu ya pili sikuwemo,
mwulize wa Kigali.
Lakini jibu nilikuwa nalo, tena la zamani,
limekaa kooni kama mwiba wa sato.

"Nilimwona," nikasema.

Mama akavuta kigoda chake, kidogo tu,
kuelekea upande wa mlango,
akaendelea kuchambua.