Sekunde Nne

Kampemba, kinu cha unga, usiku wa tatu.
Kontrola kuukuu tumeibandua ukutani,
nzito kama betri ya lori.
Waliokuwa wakiiunda wameacha; vipuri hakuna,
hata kwa magendo ya Kasumbalesa.

Kila waya una kipande cha plasta
na mwandiko wa marehemu Mwilambwe:
huu wa lifti, huu usiguse,
huu muulize Ngosa.
Ngosa naye alishastaafu.

Mpya ni ndogo, ina haraka.
Tulizifuta zile sekunde nne za kungoja
kabla mlango wa mahindi haujafunguka.
Nani aliziweka, za nini?
Mkanda ukakabwa, ukanuka mpira.

Nikazirudisha.
Moja. Mbili. Tatu.
Ya nne, mkanda ukashika mwendo,
mahindi yakaja.

Nikakata plasta,
nikaandika: huu ungoje.