Saa Nane za Usiku

Mama aliamka saa nane.
Si kwa saa ya ukutani, ile ilikufa mwaka aliozaliwa Gil-su.
Aliamshwa na ubavu wake: sakafu ilipoanza kupoa
alijua tofali la makaa linakata roho.

Tulilala wanne juu ya moto.
Ndivyo zilivyojengwa nyumba zetu kule Taebaek:
jiko upande huu, dohani upande ule,
na katikati, chini ya mawe, udongo na karatasi ya mafuta,
moshi ukipita kwa kunyata
kama mpangaji mwenye deni.

Makaa yalikuwa ya duara, matundu ishirini na mawili.
Jipya juu, kuukuu chini, tundu litazame tundu,
la sivyo moto haupandi.
Nilimwona mara moja, mlango ukiwa wazi,
koleo mkononi, uso kaupa kisogo moto, pumzi kaibana,
akilizungusha tofali kidogo, kidogo tena,
kama mtu atafutaye stesheni kwenye redio.

Kisha alipitisha kiganja chini ya pua zetu.
Ya baba. Yangu.
Ya Gil-su, aliyepiga chafya.

Kwa akina Maeng, nyumba ya nne toka kisimani,
ufa haukuzidi unene wa uzi.
Mama aliwanywesha maji ya figili zilizochachuka,
kwani hiyo ndiyo dawa tuliyoijua.
Binti mkubwa akatapika, akaishi.
Wengine hawakumeza.

Tangu hapo, kila Oktoba, baba aliwasha majani mabichi jikoni
nasi watoto tukatambaa sakafuni tukinusa:
atakayeona moshi wa kwanza apewe yai.
Nilipata mayai mawili.
Kila ufa aliuziba kwa udongo na gundi ya mchele,
akaulamba ukingo wa karatasi kama anafunga barua.

Sasa Gil-su katuma pesa kutoka Ulsan.
Fundi Pyo kavunja sakafu siku tatu,
katandaza mabomba yaendayo na kurudi kama ng'ombe wa plau,
katundika boila jeupe ukutani.
"Mama, bonyeza hapa. Digrii ishirini na mbili zatosha."
"Kama matundu," mama akasema,
akabonyeza kwa ncha ya kucha, kwa adabu,
kana kwamba kitufe kitaumia.

Na bado huamka saa nane.
Husimama mbele ya taa ndogo ya kijani.
"Linajiwasha lenyewe, mama. Lala."
"Najua."
Na kiganja kikavu, chenye harufu ya sabuni,
hupita chini ya pua yangu.
Nina miaka hamsini na mitatu.

Januari, usiku wa digrii kumi na nane chini ya sifuri,
alinitikisa bega.
"Limenyamaza."
Mimi sikuwa nimesikia kitu, na ndicho alichokuwa anasema.
Taa ilikuwa nyekundu, inapepesa.

Tukatoka na tochi.
Pyo aliyavika mabomba yote sponji nene, kazi safi,
ila pale nyuma ya ukuta, kwenye kiwiko,
aliacha wazi upana wa kiganja.
Barafu ilikuwa imeketi hapo hapo.
Nilileta birika. "Isichemke," alisema, "utalipasua."
Akalifunika bomba kwa kitambaa, akamimina maji ya uvuguvugu
taratibu, taratibu, vidole vyake vikifuka mvuke,
mpaka ndani kukasikika kitu kimeteleza.
Tukakivika kiwiko mguu mmoja wa suruali ya baba,
ile nene ya mgodini, tukafunga kamba.

Boila likakohoa. Likawaka.

Ndani, sakafu ilichukua muda wake.
Nilikuwa nimeanza kusinzia aliposema, kauelekea ukuta:
"Asubuhi mpigie Pyo.
Mwambie kiwiko nacho huona baridi."