Herufi Moja

Kwenye baraza ya posta, Soroti,
Emuron anapiga taipu kwa vidole viwili.
Apolot, mjane kutoka Kamuda, amesimama,
vumbi la baiskeli bado miguuni.

"Mpaka wa shamba ulisogezwa usiku,"
anamsomea. Sentensi safi, imepigwa pasi.
"Ulisogezwa," mama anarudia polepole,
kama atafunaye mtama akahisi changarawe.
"Na nani? Upepo? Mchwa?"

Emuron anajikuna shingo.
Miaka ishirini anaipachika hiyo *w*,
kijipazia cha herufi moja,
na nyuma yake kuna mtu anakunywa chai.

"Itoe. Na uanze na jina lake."

Karatasi mpya. Kaboni mpya. Shilingi mia tano zaidi.
*Okiror, shemeji yangu, alisogeza mpaka.
Aling'oa mikonge. Nilimwona. Mwezi ulikuwepo.*

"Haina adabu," Emuron ananong'ona.
"Adabu ninayo mimi. Barua iache."

Alhamisi, ofisi ya wilaya,
karani asomaye huku akipiga miayo
alifika kwenye jina,
akarudi juu, akasoma tena,
mwayo ukamfia mdomoni.
"Okiror yupi?"

Kwenye benchi la nje
Apolot akaanza kuvaa viatu.