Mji Wenye Kamba

Nives, mtoto wa dada yangu, ameitandaza ramani mezani,
makombo ya mkate yameangukia Bahari ya Atlantiki.
“Mjomba, katika miji yote uliyokwenda kukaza nyuzi za piano,
upi umekukaa rohoni?”
Anangoja niseme Paris.
Wote hungoja niseme Paris.

Paris niliungua ulimi kwa supu
na mvua ikaninyea siku tisa.
Mji mzuri, sikatai.
Mzuri kama mke wa mtu.

Tbilisi, basi.
Nilifika na sanduku la nyundo ndogo na vipande vya sufi;
piano iko ghorofa ya tisa,
na lifti haipandi mpaka uilishe sarafu.
Lifti! Omba-omba mwenye mlango wa chuma.
Nikasimama pale, tajiri wa noti, maskini wa senti,
magoti yangu yakihesabu ngazi,
ndipo nikaona juu ya masanduku ya barua
kopo tupu la dagaa, na ndani yake sarafu nne.
“Huziacha Lamara wa ghorofa ya pili,” jirani aliniambia.
“Yeye mwenyewe hupanda kwa miguu.
Ni za magoti ya wengine.”

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
siku ya tatu Lamara alinipa ndoo ya taka niishushe,
hakusema tafadhali,
na nilishuka nayo kifua mbele kama niliyepewa uraia.

Osaka, bwana mmoja alinikimbilia mitaa mitatu
kunirudishia mwavuli
ambao wala haukuwa wangu.
Alikuwa anahema. Ningemwambiaje?
Ninao mpaka leo, ule pale nyuma ya mlango.

Valparaíso nakumbuka mbwa tu.
Alinisindikiza kilima kizima, ngazi baada ya ngazi,
nilipobisha hodi akageuka akashuka,
kazi imekwisha.

“Kwa hiyo Tbilisi,” anasema Nives, kalamu mkononi,
tayari kuchora duara.

Dirisha likagonga.
Upepo wetu wa Trieste unaitwa bora,
na ubora wake ni kung’oa vigae,
kuvua watu kofia bila kubagua padri na mwizi,
kulaza pikipiki barabarani kama ng’ombe waliochoka.
Zamani, msimu wake ukifika,
manispaa ilifunga kamba kando ya njia
watu washike, wavuke kona.

Siku moja mama yangu Ersilia alikuwa kwenye kamba hiyo,
anapanda, mayai sita kifuani ndani ya koti.
Kijana mmoja anashuka.
Kamba ni moja.
Aachie nani?
Wakasimama pua kwa pua, robo saa nzima,
machozi ya upepo yakiwatoka wote wawili,
maneno yakipeperuka kabla hayajafika.
Alimuuliza jina mara nne.
Mayai mawili yalivunjika.
Huyo ndiye babu yako.

Nives ameishusha kalamu.
“Na kamba ziko wapi?”
Waliziondoa, nasema. Sijui mwaka gani.
Siku hizi watu wana magari.

Nilitaka kuongeza kitu hapo,
kwamba mji huu ulijua utatuangusha
ukafunga kamba mapema,
na kwamba huko kwingine kote nilikuwa naitafuta kamba ile ile,
mara ni kopo la dagaa, mara ni mwavuli usio wangu.
Lakini mkate ulikuwa umekwisha,
na duka la Bi Zora hufungwa saa moja.

Tulipofika mlangoni upepo ulitupiga kofi la uso.
Nives hakusema neno.
Alinitolea kiwiko tu,
akakikaza.