Propela ya Wachimba Visima

Pikapu ile ilikuja Bahi kutafuta maji;
maji ndiyo yakaipata,
usiku mmoja wa Februari, korongoni,
ikalala kifudifudi miezi mitano
hadi matope yakakauka, yakapasuka kama kisigino.
Wenyewe walirudia injini. Walirudia viti.
Propela wakaiacha. Nani ana haja
na bomba refu la alumini?

Mimi. Nilitoa elfu arobaini na soda mbili,
nikaitupia begani kwa mkono mmoja
na nikashtuka, karibu niidondoshe:
kitu kikubwa hivi
hakina ruhusa ya kuwa chepesi hivi.

Gereji, hapa Kizota, ilikuwa imenilalia
Datsun ya nesi Foibe Chilongani, ya mwaka sabini na sita,
iliyokatika propela barabara ya Kongwa
juu ya tuta ambalo wilaya nzima inalijua.
"Ya asili haipatikani tena," nilimwambia.
Akapiga nyonga yake kofi. "Na hii je?
Nilifungiwa ya chuma. Mbona natembea?"

Basi tukapima mara tatu,
na mara ya nne kwa kamba,
maana futi ya Sudai imekatika inchi ya kwanza
na kila siku anasahau kuitoa.
Msumeno ukapita kama kwenye muhogo.

Kisha moto. Hapa ndipo wengi wanaharibu.
Chuma kina haya: ukikizidishia joto
kinaiva wekundu, kinakwambia ngoja.
Alumini haisemi.
Uso mweupe, uso mweupe, uso mweupe,
halafu iko sakafuni, imemwagika kama uji.
Chidumizi wa karakana ya reli, aliyekuwa na deni langu la tairi,
alinilipa kwa maneno haya:
paka sabuni ya mche, pasha polepole,
sabuni ikifika rangi ya kahawa, toa moto, anza kuchomelea.
Nilidhani ananikwepa deni.
Nikapaka. Ikanuka kama siku ya kufua.
Ikafika rangi ya kahawa.

Sasa waoane: shingo nene ya pikapu
na difu la Datsun lenye mdomo mdogo.
Mshenga ni krosi,
vikombe viwili vya ukoo huu, viwili vya ukoo ule,
nimezunguka Majengo siku mbili kuipata.
Na macho ya mbele na macho ya nyuma
lazima yatazame upande mmoja.
Yakipishana upana wa kidole,
ndoa nzima itatetemeka.

Tukainua nyuma juu ya magogo. Gia ya tatu.
Sudai akasogeza chaki, ulimi nje, taratibu,
nami nikamshika mkanda wa suruali, asije akaliwa.
Upande mzito unajiandika wenyewe.
Tukafunga klipu mbili za mpira wa rejeta
upande wa pili, tukazisukuma, tukawasha,
tukazima, tukazisukuma tena
mpaka adhana ya magharibi.

Njia ya Ihumwa, nesi mwenyewe kwenye usukani.
Hamsini, kimya. Sitini, kimya.
Sabini ikaanza kuguna mahali chini ya kiti changu.
Nikasema, kesho naifungua upya.
"Iache," akasema. "Miaka thelathini nawahi wajawazito
na sabini sijawahi kuifika."
Akarudisha hamsini na tano, akafungua dirisha.

Kipande kilichobaki, sentimita thelathini na moja,
nilikiziba chini, nikakifunga kwenye nguzo ya uzio
kipime mvua.
Ni Novemba. Nachungulia kila asubuhi.
Juzi vumbi. Jana vumbi.
Leo nyenje mmoja, mzima,
na ukingoni alama ya sabuni.