Nguo ya Kuazima

Kwa wiki sita hatukulia chakula mezani.
Palikuwa na bega la Kapteni Orela,
goti la Kapteni Orela,
na gundi iliyoniotesha ndoto za petroli.
Nasra alikata mikeka ya mazoezi kwa kisu cha vitunguu,
akaipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele
mpaka ikakubali kuwa chuma.
Kisu changu cha vitunguu. Sikusema kitu.
Nilisema baadaye.

Kapteni, nilivyooneshwa kitabuni,
ana nywele za fedha hadi kiunoni
na ngozi nyeupe kama karatasi aliyochorwa.
"Na hizo nywele?"
"Hijabu, mama. Ya fedha. Ishuke kwa mikunjo."
Basi tukaenda Barabara ya Belgrave
kwa Bwana Jitesh, mzaliwa wa Kisumu,
ambaye bado anapima kitambaa kwa Kiswahili:
moja, mbili, tatu, na nusu ya mapenzi.
"Hii ni ya bibi harusi," akasema.
"Leo ni nywele," nikasema.
Hakuuliza zaidi. Leicester imemfundisha.

Marehemu mama alikuwa na neno lake:
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Nilikwenda nalo Jumamosi ile,
pamoja na kikopo cha sindano,
nikitoka zamu ya usiku, udobi wa hospitali,
ovaroli ya buluu bado mwilini,
futi ya fundi shingoni.

Ukumbini, Mola wangu.
Dereva wa lori, miaka sitini na ushei,
kitambi mbele, mabawa ya kipepeo nyuma,
anageuka taratibu asiwapige watoto.
Binti ambaye kiti chake cha magurudumu
kimekuwa chombo cha anga, kina taa, kina king'ora,
na watu wanampisha, si kwa huruma,
wanampisha kwa kuwa ni chombo cha anga.
Mwingine sikujua ni kaka au dada.
Kiswahili kina *yeye* mmoja tu. Akatosha.
Wote wameazima,
na sikumwona aliye uchi.

Kisha kijana mwenye upanga wa plastiki:
"Orela si mweusi. Wala havai hivyo."
Nasra akamtazama.
"Orela hana hata matundu ya pua," akasema,
"mchoraji hakuyachora.
Mbona nikipumua hulalamiki?"
Watu wakacheka.
Yeye Nasra hakucheka.
Niliona bega la Kapteni likishuka,
lile tulilolibandika mara tatu.

Kiingereza changu hunikimbia nikikasirika.
Nilisimama na kikopo changu, kimya kama kabati,
hadi binti wa chombo cha anga akanivuta mkono:
"Una sindano?"
Pindo lilikuwa limenaswa na gurudumu.
Nikapiga magoti.
Nilipoinua kichwa palikuwa na foleni:
bawa, mkia, kola ya mfalme,
na mtoto mwenye masharubu ya wino
aliyeikagua ovaroli yangu juu hadi chini:
"Na wewe ni nani?"
"Mwanahamisi."
"Una nguvu gani?"
Nikamwonesha sindano. Akaitikia kwa kichwa,
kama mtu anayemjua Mwanahamisi tangu kitabu cha kwanza.

Saa kumi akaja yule kijana.
Mkanda wa upanga umekatika.
Hakunitazama, alitazama viatu vyangu.
Nilishona.
Mishono kumi na miwili, fundo nikalificha.
Nilivuta kidogo kupita haja, sikatai,
kisha nikalegeza.

"Ulimshonea," Nasra alisema ndani ya basi,
kofia ya chuma mapajani, mvua dirishani.
"Mkanda ulikatika."
"Ungeshona vibaya."
"Nilifikiria."
Tukapita vituo viwili.
"Uzi gani?"
"Uliobaki kwenye nywele zako."
Akageukia dirisha, lakini nilimwona kiooni.
Fedha ya Orela, mgongoni mwa yule,
na hajui.