Sifuri Yenye Mkia

Upepo wa Oruro unasukuma mlango wa bati.
Yoselin, fomu mapajani, kalamu ya risasi:
"Mzee Saturnino, darasa la juu ulilomaliza?"
"La tatu." Akakohoa.
"Nililimaliza mara nne.

Shule yetu, binti, iliishia hapo.
La nne lilikuwa ng'ambo ya mto,
na mto haukuwa na daraja.
Basi kila mwaka nikarudi dawati lilelile,
mwalimu akaniachia chaki, hakusema neno."

Kisanduku kina nafasi ya tarakimu moja.
Akaandika 3.

"Na mama?"
"Huyu alichunga lama."
Fermina haachi kumenya viazi.
"Jioni alinipitia malishoni
akanimwagia somo zima,
la tatu, mara nne.
Hilo utaliweka wapi?"

Yoselin akapekua mwongozo mbele, akapekua nyuma.
Akaandika sifuri, upesi, kama mtu anayedokoa.

Fermina akafuta mikono kwenye sketi,
akaisoma fomu kutoka upande wake,
herufi zote zimesimama kwa vichwa.
"Mwanangu, sifuri yako ina mkia.
Huko mjini wataisoma sita."

Yoselin akatoa kifutio,
akakitazama,
akakirudisha mfukoni.